Tope la Milimani Halirushwi

Katika nchi za baridi kama Kanada, mkulima anayekuta njia yake imezibwa na theluji hufunga kwenye trekta mtambo wenye skrubu kubwa, unaozungushwa na injini ya trekta hilo hilo. Skrubu huikusanya theluji, na feni huirusha kando kupitia bomba. Arthur Sicard wa Quebec aliunda mtambo wake wa kurusha theluji mwaka 1925.

Wilayani Same hakuna theluji. Kuna kifusi. Wakati wa vuli na masika, udongo wa Milima ya Upare huteleza ukaziba barabara za kupanda Chome, Bombo na Mamba Miamba. Tangawizi hubaki ikimngoja mnunuzi. Mama mjamzito hubebwa kwa machela hadi lilipokwama gari.

Je, mtambo ule ungetufaa? La, hasha! Mita moja ya ujazo ya theluji mpya ina kilo 100 hivi. Ya tope hupita kilo 1,500, tena limechanganyika na mawe na visiki. Na hata lingerushika, ungelirusha wapi? Chini ya barabara ni migomba ya jirani, na chini ya migomba ni nyumba yake. Ndiyo maana kifusi kikubwa hutakiwa kuchotwa kwa kijiko, kikapakiwa kwenye lori na kumwagwa mahali tambarare. Trekta lenye bamba la chuma hufaa kwa tope jembamba tu. Yanayobaki ni ya majembe na msaragambo, kazi ile ile ya pamoja inayozoa matope katika ndiva za kumwagilia mashamba.

Lakini asikimbiliwe mtu kushika jembe mvua ikingali inanyesha. Novemba 2009, katika kijiji cha Goha, Mamba Miamba, maporomoko yaliua watu zaidi ya 20. Yatazamwe kwanza ya juu: nyufa mpya ardhini, miti iliyoinama, chemchemi iliyogeuka tope. Mteremko wenye dalili hizo haujamaliza kushuka.

Kukiwa salama, mitaro na makalavati yazibuliwe kabla ya barabara yenyewe; maji yaliyokosa njia hujichimbia nyingine. Barabara za vijijini ziko chini ya TARURA tangu mwaka 2017, na taarifa ipelekwe mapema kupitia serikali ya kijiji.

Nawe uliye mjini, ukikusudia kuchangia nyumbani, tuma fedha za dizeli na sururu kabla ya Oktoba. Barabara ikishafunga, dizeli nayo haina pa kupandia.