Tour de France: Soko la wiki tatu lisilo na kiingilio

UWANJA wa mpira una geti, na getini kuna tiketi. Mashindano ya baiskeli ya Tour de France hayana geti. Kila mwaka, kwa kawaida mwezi Julai, waendesha baiskeli wa kulipwa hupita takribani kilomita 3,400 za barabara kwa hatua 21, na mamilioni ya watu husimama pembeni kuwashangilia bila kulipa hata senti moja. Kwa mkulima au mwenye duka aliye kando ya barabara hiyo, jambo la kujua ni fedha inatoka wapi na inaishia mfukoni mwa nani.

Mashindano haya yalizaliwa ili kuuza bidhaa, na bidhaa yenyewe ilikuwa gazeti. Mwaka 1903 gazeti la michezo la L'Auto, chini ya mhariri wake Henri Desgrange, lilikuwa linazidiwa kete na mpinzani wake, Le Vélo. Likabuni mbio za kuzunguka Ufaransa ili wasomaji walazimike kulinunua kila siku wajue nani anaongoza. Mauzo yakapanda kutoka nakala takribani 25,000 hadi 65,000, na mwaka uliofuata Le Vélo likafunga milango. Hata jezi ya njano ya anayeongoza, iliyoanza kuvaliwa mwaka 1919, ina rangi ya karatasi ya L'Auto.

Mwaka 1930 Desgrange, akiwa amechoshwa na viwanda vya baiskeli vilivyokuwa vinazitawala timu, aliamua timu ziwe za mataifa. Uamuzi huo ulimkosesha fedha za viwanda. Ili kuziba pengo, akayauzia makampuni nafasi ya kutembea na magari yao mbele ya waendesha baiskeli. Kiwanda cha chokoleti cha Menier kilikuwa miongoni mwa vya kwanza kuchangamkia nafasi hiyo. Huo ndio mwanzo wa msafara wa matangazo, ambao kwa mtu wa biashara unastahili kutazamwa kuliko hata mbio zenyewe.

Msafara huo una magari takribani 150 na urefu wa kilomita kama 10. Hutangulia waendesha baiskeli kwa saa moja au mbili na huchukua zaidi ya nusu saa kupita mahali pamoja. Waendesha baiskeli wenyewe, wakiwa kundi moja kwenye tambarare, humaliza kupita chini ya dakika moja. Kwa maneno mengine, mtu aliyeamka alfajiri na kusimama juani saa tano hutumia muda mrefu zaidi kutazama matangazo kuliko michezo, na hurudi nyumbani akiwa na furaha. Ni makampuni machache duniani yanayopata mteja wa namna hiyo.

Katika wiki hizo tatu hugawiwa zawadi zinazokadiriwa kuwa kati ya milioni 14 na 16: kofia, vishikizo vya funguo, pipi, biskuti, vipakiti vya soseji kavu. Kampuni ya soseji ya Cochonou imejijengea jina kwa magari yake ya zamani ya Citroën 2CV yenye mirabamiraba myekundu na myeupe, pamoja na kofia za rangi hiyo hiyo ambazo watu huzigombania kama sukari ya bei ya serikali. Aliyeonja soseji barabarani huikumbuka anapofika dukani, na kofia hubaki kichwani miaka kadhaa ikitangaza bure.

Kujiunga na msafara huo si jambo la mwenye mtaji mdogo. Kampuni hulipa mamia ya maelfu ya euro, bado haijahesabu magari, wafanyakazi na zawadi. Ndiyo maana anayeonekana ni msindikaji, si mfugaji. Nguruwe amelelewa shambani, lakini jina lililo kwenye kofia ni la kiwanda.

Miji nayo hulipa. Mji unaopokea mwisho wa hatua kwa kawaida hutoa zaidi ya euro 100,000 kwa mwandaaji, kampuni ya ASO, na juu yake kuna gharama za vizuizi, polisi na usafi. Jimbo la Yorkshire nchini Uingereza, lililopokea siku mbili za kwanza Julai 2014, lilipaka baiskeli chakavu rangi ya njano na kuzitundika kwenye kuta na ua za mashamba. Hata kondoo walipakwa rangi. Ripoti iliyotolewa Desemba mwaka huo ilikadiria kuwa Yorkshire ilinufaika kwa pauni milioni 102. Wakulima wengi walikodisha malisho yao kuwa kambi za mahema na maegesho ya magari. Sheria ya England wakati huo iliruhusu matumizi ya muda ya ardhi kwa siku 28 kwa mwaka bila kibali cha mipango miji, kwa hiyo mkulima hakuhitaji kujenga chochote ila kukata nyasi, kuweka maji na vyoo. Jimbo likaanzisha mashindano yake, Tour de Yorkshire, yaliyofanyika kuanzia mwaka 2015 hadi 2019. Baada ya hapo yakasimama, na mwaka 2022 taasisi ya utalii iliyokuwa nyuma ya shughuli hiyo ikaingia kwenye ufilisi.

Mfanyabiashara mdogo ndiye anayepaswa kupiga hesabu kwa uangalifu zaidi. Umati ni mkubwa, lakini wengi hubeba chakula chao. Barabara hufungwa saa kadhaa kabla, hivyo aliyeishiwa hawezi kuleta mzigo mwingine na aliyebakiwa nao hawezi kuuhamisha. Chukua mfano wa mtu aliyeandaa vipande 400 vya keki, kila kimoja kikimgharimu euro moja naye akiuza kwa euro mbili. Asipouza 200 amekula hasara, na muda wake ni saa tatu au nne tu. Mvua ikinyesha, keki hiyo haina kesho. Mwenye asali, jamu au jibini ngumu yuko salama zaidi, kwani asichouza leo atakiuza Jumamosi gulioni.

Wakazi wa Kigali wameliona jambo hili kwa macho yao. Septemba 21 hadi 28 mwaka 2025 jiji hilo lilipokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika. Shule zilifungwa wiki nzima na barabara nyingi zikazuiwa kwa saa nyingi za mchana. Duka lililokuwa upande wa watazamaji lilikuwa na wateja, la mtaa wa nyuma likasubiri barabara ifunguliwe.

Kwa mkulima wa Ufaransa mtaji hasa ni shamba linaloonekana kutoka angani. Helikopta za televisheni hufuata mbio kwa saa nyingi, na picha huonyeshwa katika nchi zaidi ya 180. Wakulima wamejifunza kuchora baiskeli kubwa shambani kwa marobota ya nyasi kavu, na magurudumu yake huwa matrekta yanayozunguka duara bila kusimama. Chama kikuu cha wakulima, FNSEA, huendesha shindano la michoro hiyo. Mchoro hauuzi gunia hata moja siku hiyo, ila unamkumbusha mtazamaji kuwa mandhari anayoisifia ina mtu anayeilima.

Na mtu huyo ana malalamiko yake. Sheria ya mwaka 1991 inazuia kampuni za pombe kudhamini michezo nchini humo, kwa hiyo barabara hupita katikati ya mashamba ya mizabibu ambayo mvinyo wake hauruhusiwi kudhamini mbio hizo. Mwaka 2016 wakulima wa zabibu wa Aude waligundua kuwa kampuni ya mvinyo kutoka Chile, Cono Sur, ilikuwa mshirika wa mashindano kwa masoko ya nje ya Ufaransa. Wakatishia kuifunga barabara. Mwaka 2018 wakulima wa kusini, wakipinga kupunguziwa ruzuku, waliweka marobota barabarani kweli katika hatua ya 16. Polisi wakapuliza dawa ya kuwasha, upepo ukairudisha kwa waendesha baiskeli, na mbio zikasimama kwa takribani dakika 15 wachezaji wakioshwa macho.

Mwaka 2025 mambo yalikuwa tofauti. Mwishoni mwa Juni, ugonjwa wa mapele ngozi, ambao wafugaji wa Afrika Mashariki wanaufahamu vizuri, uligunduliwa Ufaransa kwa mara ya kwanza, katika wilaya ya Savoie. Ng'ombe wakazuiwa kusafirishwa ndani ya eneo la kilomita 50, na kundi lililopatikana na ugonjwa liliuawa lote, hata wale wasio na dalili. Julai 24 ilitangazwa kuwa ugonjwa umefika karibu na mlima wa Saisies, katika nchi ya jibini la Beaufort, na hatua ya kesho yake ilikuwa imepangwa kupita hapo hapo. Waandaaji wakaifupisha kutoka karibu kilomita 130 hadi takribani 95, wakieleza kuwa ni kwa kuheshimu majonzi ya wafugaji waliopoteza mifugo.

Kwa hiyo Julai 25 mbio zilianzia Albertville kama kawaida, kisha zikaelekea La Plagne kwa njia nyingine. Juu ya Saisies hakukuwa na msafara, kofia wala helikopta, na malipo waliyokuwa wanayasubiri wafugaji wa pale yalikuwa fidia ya ng'ombe.