Umaskini Uliofichwa na Migomba

Anayeitazama Kagera kutoka angani huona kijani. Katika Bukoba Vijijini na Muleba, nyumba zimezungukwa na migomba na mibuni, kila kaya ndani ya kibanja chake, na kati ya vijiji imetanda rweya, nchi ya nyasi isiyo na rutuba nyingi. Kwa jicho la setilaiti, kijani hicho chaweza kuonekana kuwa neema. Muuguzi anayepima mzingo wa mkono wa mtoto aliyekonda huijua hadithi nyingine.

Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha njia ya kuifundisha kompyuta ikadirie hali ya maisha kwa kusoma picha za setilaiti za nchi 5 za Afrika, Tanzania ikiwemo. Kompyuta hutambua barabara, mapaa, maji na mashamba, kisha hulinganisha alama hizo na majibu ya kaya zilizotembelewa na wadodosi. Jambo la kukazia ni hilo la mwisho: pasipo aliyebisha hodi, picha ni bubu.

Kagera imebishiwa hodi mara nyingi. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani humu mwaka 1983. Kati ya 1991 na 1994, Muhimbili na Benki ya Dunia walizitembelea kaya zaidi ya 900 ili kujua vifo vya watu wazima vinaziachaje familia, na baadaye, mwaka 2004 na 2010, watu wale wale wakatafutwa tena. Ilionekana kwamba watoto waliofiwa na mama walipokua walikuwa wafupi kwa takribani sentimita 2 na walikosa kama mwaka mmoja wa shule. Hakuna kamera ya angani ingeliona hilo.

Setilaiti za Sentinel-2 hupiga picha ambazo kila nukta yake ni mraba wa mita 10 kwa 10. Nyumba ndogo iliyofunikwa na majani ya migomba humezwa humo, na mawingu ya Bukoba huficha yaliyosalia. Hata mnyauko bakteria, ulioonekana Muleba mwaka 2006, huanza kwa mgomba mmoja. Mwenye shamba huuona kabla ya chombo chochote.

Ramani, hata hivyo, ina manufaa makubwa katika suala la umbali. Kutoka Goziba au Bumbire hadi nchi kavu, mstari wa ramani ni mfupi. Mjamzito anayesubiri boti ziwa likichafuka anajua urefu wake wa kweli. Mhudumu wa afya akiongeza kwenye ramani mialo, vijia na madaraja yanayozama masika, umbali utahesabiwa kwa saa badala ya kilomita, na hapo ndipo hoja ya kuomba zahanati au boti ya wagonjwa hupata nguvu mbele ya halmashauri.

Mgonjwa naye ataulizwa anakaa wapi. Ana haki ya kuuliza jibu lake litawekwa wapi. Wazee wa Kagera wanakumbuka jinsi nyumba zilivyonyooshewa vidole enzi ugonjwa ule ulipoitwa Juliana. Nukta ya nyumba ya anayetumia dawa za kufubaza virusi haifai kubandikwa ukutani. Huko patoshe jina la kitongoji na idadi, na faili libaki kabatini.