Nani Anamdai Nani? Uchunguzi wa Kisosholojia wa Biashara Jamii katika Kasese na Bwera, Magharibi mwa Uganda

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna biashara jamii inavyoweza kuchunguzwa kwa mtazamo wa kisosholojia, yakichukua mfano wa wilaya ya Kasese na mji wa mpakani wa Bwera. Hoja kuu ni kwamba biashara ya aina hii haieleweki kwa kusoma katiba yake na hesabu zake za mwaka pekee. Hueleweka kwa kufuatilia madeni na wajibu unaowafunga wahusika ndani ya kaya, kikundi na soko. Aidha, makala yanaonyesha kuwa istilahi anayoichagua mtafiti huamua ni nani atakayeonekana katika takwimu na sera, na ni nani atakayesahaulika.

1. Utangulizi

Kwa maana ya jumla, biashara jamii ni shughuli inayouza bidhaa au huduma ili kutatua tatizo la watu fulani, na ambayo faida yake hurudishwa katika lengo hilo. Italia ilivitungia sheria vyama vya ushirika wa kijamii mwaka 1991, na Uingereza ikaanzisha kampuni za maslahi ya jamii mwaka 2005. Fasili zilizotokana na sheria hizo huuliza: shirika hili ni la aina gani? Sosholojia huuliza swali jingine: ni mahusiano gani yanayolisimamisha shirika hili, na yanambana nani?

Swali hilo si la darasani tu. Mnamo Februari 2022 serikali ya Uganda ilizindua Mpango wa Maendeleo ya Parishi, unaojulikana kwa kifupi kama PDM. Parishi hapa ni ngazi ya utawala iliyo juu ya kijiji. Kila parishi hutengewa shilingi milioni 100 za Uganda kwa mwaka, na fedha hizo hukopeshwa kaya kupitia chama cha kuweka na kukopa cha parishi. Mafanikio ya mpango kama huu hutegemea jambo ambalo bajeti hailionyeshi, nalo ni iwapo mkopaji anahisi kuwa anadaiwa na watu anaowajua, au na serikali iliyo mbali.

2. Msingi wa nadharia

Mtazamo unaotumika hapa umejengwa juu ya hoja tatu. Karl Polanyi (1944) alieleza kuwa katika historia ya binadamu, shughuli za uchumi zimekuwa zikiendeshwa ndani ya mahusiano ya kijamii, na kwamba soko linalojitegemea ni jambo geni. Mark Granovetter (1985) aliendeleza hoja hiyo kwa kuonyesha kuwa hata katika uchumi wa kisasa, watu hufanya biashara wakiongozwa na mitandao ya watu wanaofahamiana. Naye Göran Hyden (1980), akiandika kuhusu Tanzania, alieleza uchumi unaoendeshwa kwa undugu, ujirani na imani, ambao dola haikuweza kuudhibiti.

Hata hivyo, ni kosa kudhani kuwa mahusiano hayo ni ya asili na yana amani daima. Eneo la Rwenzori lilipitia harakati za Rwenzururu zilizoanza mwaka 1962, uvamizi wa waasi katika Mpondwe mwaka 1996, na mauaji ya Novemba 2016 mjini Kasese. Watu wanapoaminiana kiasi cha kuwekeza pamoja mahali penye historia kama hiyo, kuaminiana huko ni kazi iliyofanywa. Mtafiti anapaswa kueleza ilivyofanywa.

3. Tatizo la istilahi

Neno "jamii" katika Kiswahili hubeba maana mbili: umma wote wa nchi, na watu wa mahali pamoja wanaojuana. Mtu anaposema "biashara jamii", haijulikani mara moja kama anakusudia manufaa ya taifa au ya kijiji. "Ushirika" nalo ni neno lenye kumbukumbu nzito. Nchini Tanzania, vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa na serikali mwaka 1976, na sheria ya kuvirejesha ikatungwa mwaka 1982. Nchini Uganda, vyama vingi vilidhoofika baada ya soko la kahawa kufunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kwa mkulima mwenye umri mkubwa, neno hilo laweza kumaanisha malipo yaliyocheleweshwa.

Kwa hiyo, mtafiti anayeingia kijijini na kuuliza "Je, hapa kuna biashara jamii?" atajibiwa kuwa haipo. Akiuliza "Mkifiwa, fedha za maziko hutoka wapi? Nani anashika ufunguo?" ataonyeshwa kikundi chenye wanachama, akiba, adhabu na mikopo. Kitu kile kile kimekosekana kwa swali la kwanza na kupatikana kwa swali la pili.

4. Sanduku lenye kufuli tatu

Vikundi vya akiba na mikopo vya vijijini, ambavyo mfumo wake ulianzishwa nchini Niger mwaka 1991 na kusambaa Afrika nzima, hutunza fedha katika sanduku lenye kufuli tatu. Funguo hushikwa na wanachama watatu tofauti, na sanduku hufunguliwa mbele ya kikao tu. Ndani yake, fedha za mikopo hutengwa na mfuko mdogo wa misiba na maradhi. Baada ya takriban mwaka mmoja wanachama hugawana akiba na faida, kisha huanza mzunguko mpya.

Mwanauchumi huona hapa njia nafuu ya kupata mkopo. Mwanasosholojia huona mambo mawili zaidi. Kwanza, uaminifu haukuachiwa tabia njema ya mtu mmoja. Umewekwa katika chuma, watu watatu na macho ya kikao. Pili, msiba na mtaji vimo katika sanduku moja, kwa sababu anayenikopesha leo ndiye nitakayembebea jeneza kesho. Hospitali ya Kisiizi, kusini zaidi katika magharibi hiyo hiyo ya Uganda, ilijenga bima yake ya afya mwaka 1996 juu ya vikundi vya engozi, yaani vikundi vya kubeba wagonjwa kwa machela. Bima hiyo ilikuta wajibu wa kubebana umekwisha kuwapo, ikauongezea mchango wa fedha.

5. Kahawa, ndoa na ubora

Mfano ulio wazi zaidi katika Kasese ni Bukonzo Joint, chama cha ushirika cha Kyarumba kilichoanza mwaka 1999 kikiwa cha kuweka na kukopa, na baadaye kikaingia katika biashara ya kahawa. Arabika ya milima hii iliuzwa kwa miaka mingi ikiwa imekaushwa na ganda lake, daraja linaloitwa drugar, kwa bei ya chini. Maelezo ya kawaida kuhusu ubora duni yalikuwa ukosefu wa elimu ya kilimo.

Kazi ya chama hicho pamoja na Oxfam Novib na mtafiti Linda Mayoux ilifichua sababu nyingine. Mwanamke alifanya sehemu kubwa ya kazi shambani, lakini mume ndiye aliyeuza na kushika fedha. Kila mmoja alihofia kutanguliwa na mwenzake, hivyo kahawa ilichumwa ikiwa mbichi na kuuzwa haraka. Nyingine iliuzwa ingali maua. Ubora ulikuwa umeharibiwa na mgogoro wa ndoa kabla haujaharibiwa na mvua.

Suluhisho lilianzia kwenye mchoro. Wanandoa huchora mti: mizizi ni kazi anayofanya kila mmoja, matawi ni matumizi ya kila mmoja, na kando ya shina huonyeshwa mali na mwenye mali hiyo. Mti ulioelemea upande mmoja hauhitaji maelezo, na asiyejua kusoma huuelewa sawa na aliyesoma. Baadhi ya wanandoa walifikia hatua ya kuandikishana umiliki wa pamoja wa ardhi. Hapa biashara jamii imegusa jambo lisiloandikwa katika hesabu za mwaka, ambalo ndilo lililokuwa likiamua bei: nani anamdai nani ndani ya nyumba.

6. Bwera: wajibu unaovuka mpaka

Bwera iko karibu na mpaka wa Mpondwe, ng'ambo ya mto Lhubiriha ikiwa Kasindi, na barabara ikiendelea hadi Beni na Butembo. Lhukonzo cha upande wa Uganda na Kinande cha upande wa Kongo vinasikilizana, na Kiswahili huwaunganisha wafanyabiashara na wageni. Juni 2019, wagonjwa wa Ebola walipogunduliwa hapo, ilibainika kuwa familia yao ilikuwa imevuka mpaka kumuuguza mzee wao, ambaye alifariki. Njia iliyopitisha ugonjwa ilikuwa njia ya wajibu wa kindugu, na ndiyo hiyo hiyo inayopitisha mikopo na bidhaa za mali kauli.

Parishi, kinyume chake, huishia mpakani. Mfanyabiashara mdogo wa Bwera ambaye mdhamini wake anaishi Kasindi huonekana na mpango wa serikali kama mtu asiye na mdhamini. Kujiunga kwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 kumefungua mlango wa kisheria. Bado vipimo vyetu havijaufuata.

7. Hitimisho na mapendekezo

Mtazamo huu hautukuzi vikundi. Mafungamano yanayowalinda wanachama huwatenga wengine: asiyeweza kuweka akiba kila wiki hubaki nje, na mara nyingi huyo ndiye maskini kuliko wote. Kwa hiyo yanapendekezwa mambo matatu. Kwanza, tathmini za PDM na mipango kama huo zirekodi pia nani amedhaminiwa na nani, na nani ameachwa nje, badala ya kuhesabu mikopo pekee. Pili, kaya isichukuliwe kuwa mtu mmoja; kazi na mapato ya mke na ya mume yaandikwe mbalimbali. Tatu, watunga istilahi wa Kiswahili katika ukanda huu wakusanye majina ambayo vikundi vinajiita vyenyewe kabla ya kusanifisha jina moja kwa wote. Fedha zikipelekwa kwa jina ambalo watu hawalitumii, zitawafikia waliojifunza kulitamka, na wanaobeba machela watabaki nje ya orodha.