Dunia ndani ya chuma cha vitumbua

Katika nyumba nyingi za Pwani, chuma cha vitumbua hakikai mbali na jiko. Kiko chini ya kabati, kimefungwa kwa gazeti, cheusi kwa moshi na kimelainika kwa mafuta ya miaka mingi. Hutolewa asubuhi za Jumapili, jioni za Ramadhani, na siku wageni wanapobisha hodi. Kazi yake inajulikana: mchele uliolowekwa usiku kucha, tui zito la nazi, iliki, sukari, hamira, na chai ya maziwa pembeni.

Chuma hichohicho kikipelekwa Kano, Chennai, Bangkok, Osaka au Copenhagen, kitaingia kazini siku hiyohiyo.

Siku hizi anayetamani kupika vyakula vya nje nyumbani kwake huanza na orodha ya manunuzi. Anataka oveni, mashine ya kukandia unga, sosi ya chupa kutoka ng'ambo, na jibini ambayo bei yake ingetosha kununua mchele wa wiki. Huko ni kuanzia mwisho. Iko njia nyepesi: mtu atazame chombo alichonacho na kazi ambayo mkono wake umeshaizoea, kisha aulize ni nani mwingine duniani anayefanya kazi hiyo kwa namna hiyo. Chuma cha vitumbua kinajibu swali hilo vizuri kuliko chombo kingine chochote cha jikoni, kwa kuwa watu wa mabara matatu wanakitumia, wengine kwa chumvi, wengine kwa sukari.

Sababu ya chuma hicho kuwa na vishimo iko kwenye mchele wenyewe. Unga wa ngano ukikandwa hutoa gluteni, ule mnato unaolifanya donge livutike na kushika hewa. Ndiyo maana andazi hufura na kusimama lenyewe ndani ya mafuta. Mchele hauna gluteni. Rojo lake likimwagwa kwenye kikaango bapa hutambaa, na mapovu ya hamira hupasuka na kupotea. Likimwagwa kwenye kishimo, kuta za chuma hulishika mpaka liive. Mafuta ni kijiko cha chai tu kwa kila kishimo, si karai zima, na oveni haina kazi hapo: upande wa chini ukishika rangi, kitumbua kinageuzwa, na upande wa juu nao unapata zamu yake. Jiko moja la mkaa linatosha.

Hata hivyo kuta peke yake hazitoshi, kwani mapovu nayo yanataka kitu cha kuyazuia. Wapishi wengi wa Pwani hulimaliza tatizo hilo kwa uji. Mchele ukishasagwa, huchota sehemu ndogo ya rojo, huipika motoni huku wakikoroga mpaka inakuwa nzito, huiacha ipoe, kisha huirudisha kwenye rojo bichi pamoja na hamira. Wanga uliopikwa hufura na kunata, na hewa ya hamira haipati pa kutokea. Matokeo yake huonekana kitumbua kinapokatwa: ndani kuna matundu tele, na kikibonyezwa kinarudi.

Ukikaa karibu na jiko utaona jinsi kazi inavyokwenda. Mafuta yakishapata moto, rojo hutiwa mpaka karibu na ukingo wa kishimo. Kingo hugeuka nyeupe mara moja, halafu matundu madogo huanza kufunguka juu, kuanzia pembeni kuelekea katikati. Katikati pakiwa bado pabichi kidogo, ncha ya kijiti au kisu huingizwa pembeni. Kikizunguka chenyewe, kiko tayari kugeuzwa. Kikishikilia, bado; na anayelazimisha atatoa kifuniko na kuacha tumbo lote ndani ya chuma.

Mkono unaojua kusubiri hapo umeshajua kupika masa.

Huko Kano, Kaduna na Bauchi, kaskazini mwa Nigeria, masa ni chakula cha Wahausa cha asubuhi, cha njiani na cha sikukuu. Mtu wa Tanga akikiona sahanini atasema ni kitumbua. Mchele hulowekwa na kusagwa, lakini sehemu yake hupikwa kwanza ikawa wali laini na kuchanganywa na ule mbichi. Ni akili ileile ya uji wa Pwani, upande wa pili wa bara. Kisha huja hamira, na rojo huachwa liumuke mpaka lianze kunukia uchachu. Chombo chao cha asili ni cha udongo, chenye vishimo, na huitwa tanda. Siku hizi vya chuma vimejaa.

Tofauti kubwa iko kwenye kitoweo. Masa huweza kuliwa kwa asali au sukari, lakini heshima yake kamili huipata inapokaa kando ya miyan taushe, mchuzi mzito wa boga lililopondeka, karanga za kusaga, nyama na mboga za majani. Hakuna kitu katika mchuzi huo kisichopatikana Kariakoo au Marikiti. Boga lipo, karanga zipo, mchicha upo, nyanya, vitunguu na pilipili vipo. Ikiwa familia ya Dar es Salaam au Mombasa itajaribu chakula kimoja tu kati ya hivi, basi iwe hiki, kwa sababu kinafungua mlango ambao Pwani imeufunga bila sababu: kwamba kitumbua lazima kiwe kitamu. Vikombe vitatu vya mchele, nusu kikombe kati ya hivyo kikiwa kimepikwa, kijiko kimoja cha sukari ili hamira ipate chakula, chumvi, na mboga yenye mchuzi mzito. Hicho ni chakula cha mchana cha watu wazima watano, na wataondoka wameshiba.

Madagaska haikuufunga mlango huo. Barabarani Antananarivo, asubuhi na mapema, wauzaji huwa na majiko ya mkaa na vyuma vyenye vishimo vya mviringo. Rojo la mchele likitiwa sukari hutoa mofo gasy. Likitiwa chumvi na kukaangwa kwa mafuta zaidi mpaka kingo ziwe kavu, hutoa ramanonaka. Wateja ni walewale.

Kusini mwa India ndiko chombo hiki kilikofanyiwa kazi nyingi zaidi. Kule Kerala kuna unniyappam: mchele uliosagwa, sukari guru, ndizi mbivu iliyopondwa, iliki, na vipande vidogo vya nazi vilivyokaangwa kwa samli kabla ya kuingizwa kwenye rojo. Katika hekalu la Ganapathi la Kottarakkara, unniyappam ndiyo sadaka inayojulikana kuliko zote, na hupikwa hapohapo hekaluni. Anayekula vitumbua kila wiki ataitambua harufu, ila atashangazwa na ile nazi inayokatika menoni. Hilo ni jambo la kuigwa leo hii: nusu nazi ikatwe vipande vya ukubwa wa punje ya mchele, ikaangwe kwa samli mpaka iwe rangi ya dhahabu, itiwe kwenye rojo la vitumbua la kawaida.

Jirani yao, Tamil Nadu, ana paniyaram, na hapo chumvi na sukari zinatoka katika bakuli moja. Mchele hulowekwa pamoja na aina ya choroko yenye ganda jeusi, iliyokobolewa, ambayo ikisagwa hutoa ute. Ute huo hufanya kazi ya uji na ya wali uliopikwa: unashika hewa. Rojo huachwa usiku mzima liumuke lenyewe, bila hamira ya dukani. Asubuhi nusu yake hutiwa sukari guru na iliki. Nusu nyingine hutiwa vitunguu, pilipili mbichi, na mbegu za haradali zilizopasuliwa kwenye mafuta ya moto pamoja na majani ya mchuzi.

Wapo watakaosema kwamba kula kitumbua kwa miyan taushe au kuingiza mbegu za haradali kwenye chuma cha vitumbua ni kuharibu mila. Mila ya jiko la Pwani yenyewe inasema vingine. Msafiri Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikaribishwa wali uliopikwa kwa samli, ukiwa na kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga. Pembeni paliwekwa ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na maziwa ya mgando pamoja na achari ya ndimu, pilipili manga, tangawizi na maembe. Mchele wa wali ule, ndizi, ndimu, tangawizi na embe vyote asili yake ni Asia, na tayari vilikuwa chakula cha kila siku cha wenyeji. Nyanya, pilipili kali, mahindi na muhogo hakuviona, kwa kuwa vilikuwa bado Amerika. Vilivuka bahari baada ya Wareno kufika mwishoni mwa karne ya 15. Leo nani atapika mchuzi Mombasa bila nyanya?

Mashariki zaidi, Thailand, chuma hiki hutumika bila kugeuza. Khanom krok hupikwa kwa rojo la unga wa mchele na tui, likitangulia lile jepesi, kisha juu yake tui zito lenye sukari na chumvi kidogo. Hunyunyiziwa majani ya vitunguu au punje za mahindi, hufunikwa kwa mfuniko, na mvuke humalizia kazi. Vikitolewa, viwili huunganishwa uso kwa uso. Chini ni pakavu, katikati panatikisika, na ule utamu wenye chumvi na majani ya kitunguu huwapa shida walaji kwa tonge la kwanza tu. Vietnam, katika mji wa Vũng Tàu, rojo hilohilo la mchele na tui hutiwa manjano, kamba mmoja akalazwa juu ya kila kishimo, na bánh khọt huliwa ikiwa imefungwa kwenye jani la saladi.

Halafu kuna Japani, na hapa Pwani ina bahati, kwa sababu kiungo kikuu ni pweza.

Takoyaki ilianza Osaka. Anayetajwa kuwa mwanzilishi wake ni Tomekichi Endo, mwaka 1935. Rojo lake ni la ngano na mayai, jepesi kuliko la vitumbua, karibu na maziwa kwa wepesi, na halikorogwi kwa maji matupu bali kwa mchuzi wa mwani na samaki wa jamii ya jodari aliyekaushwa kwa moshi. Asiye na mwani huo ana supu aliyochemshia pweza mwenyewe, ambayo wapenzi wa supu ya pweza wanaijua nguvu yake. Gramu 200 za unga, mayai mawili, na vikombe viwili na nusu vya supu hiyo iliyopoa vinatosha. Pweza awe ameshaiva na kulainika, akatwe vipande vinavyoingia kishimoni bila kusukumwa.

Kinachowashangaza watu ni namna ya kutia. Mpishi wa Osaka hamwagi kishimo kwa kishimo. Humwaga rojo juu ya chuma chote mpaka lifurike, hutupia pweza na majani ya vitunguu, husubiri, kisha kwa vijiti viwili hukata rojo lililosambaa kati ya vishimo na kulikunjia ndani. Hugeuza robo, husubiri, hugeuza robo nyingine. Kila mgeuzo unaliachia rojo bichi la katikati limiminike chini na kujaza upande uliobaki, na ndivyo donge linavyopata umbo la duara kamili. Mtu aliyezoea kugeuza kitumbua mara moja atahitaji subira, lakini mkono ni uleule. Vishimo vya chuma cha Pwani ni vikubwa zaidi, hivyo pweza aongezwe.

Ulaya nayo imo. Waholanzi wana poffertjes, vidogo vya kumeza kwa mara moja, vya unga wa ngano na wa mbegu iitwayo bakwiti, hamira, siagi na sukari laini juu. Wadenmaki wana æbleskiver, ambazo mwezi wa Desemba huwa hazikosekani mezani, pamoja na jamu na sukari laini. Rojo lao hutiwa maziwa ya siagi, ambayo maziwa ya mgando yaliyopigwa na kupunguzwa uzito kwa maji huyawakilisha vizuri. Ute wa mayai hupigwa peke yake mpaka uwe povu, kisha huingizwa polepole mwishoni. Na ndani yake, mara nyingi, kuna iliki. Zamani Wadenmaki walizigeuza kwa sindano ndefu ya kufumia sweta.

Kwa anayeanza, mambo machache ya chuma chenyewe. Chuma kipya hunasa kila kitu. Kipakwe mafuta, kiwekwe motoni mpaka kitoe moshi, kifutwe, na kurudiwa mara kadhaa kabla ya kutiwa rojo lolote. Kwenye mkaa, vishimo vya katikati hupata moto kuliko vya pembeni, kwa hiyo chuma kizungushwe, na makaa yasambazwe. Vya chumvi vitangulie na vya sukari vifuate, maana sukari huungua na kubaki kwenye kuta, na masa itakayopikwa baada ya unniyappam itatoka na madoa meusi.

Basi wikiendi moja inaweza kwenda hivi bila kununua chombo kipya: mchele unalowekwa Ijumaa usiku, Jumamosi mchana ni masa na mchuzi wa boga, jioni ni pweza. Rojo la masa likibaki, liingie kwenye friji. Jumapili asubuhi litakuwa limechachuka kidogo zaidi na halitafaa tena kutiwa sukari. Litiwe vitunguu, pilipili mbichi na haradali, lipikwe kama wanavyofanya Tamil Nadu, na chai iwe ya tangawizi.