Jina la Marehemu wa Vita Liandikwe

Sisi wa Mirongo tunaijua vita. Majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera Oktoba 1978. Machi 1979 ndege ya Libya, iliyokuja kumsaidia Amin, ilitaka kuupiga mji wa Mwanza kwa mabomu. Ilikosea shabaha. Mabomu yakaanguka kisiwani Saanane, yakaua wanyama. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979.

Lakini vijana wetu wengine hawakurudi. Mamia wamezikwa Kaboya, wilaya ya Muleba. Kaboya ni mbali. Basi nyumbani tutawakumbukaje?

Hebu tuone wenzetu walivyofanya. Katika vita ya 1939 hadi 1945, Uingereza ilikuwa na kikosi cha ndege za mabomu. Ndege kubwa moja ilibeba watu 7: rubani, msoma ramani, mtu wa redio, wapiga bunduki na wengine. Ikipigwa, mara nyingi wote walikufa pamoja. Nyingine ziliungua, nyingine zilizama baharini. Kikosi hicho kilipoteza watu zaidi ya 55,000, na wengi hawana kaburi.

Mama wa kijana kama huyo angelilia wapi? Mwaka 1953 ilifunguliwa nyumba ya ukumbusho mahali paitwapo Runnymede, karibu na London. Kutani mwake yamechorwa majina zaidi ya 20,000 ya wanahewa wasio na kaburi. Mpaka leo mjukuu huenda pale, akalitafuta jina la babu yake, akaligusa kwa kidole. Kaburi hakuna, lakini jina lipo.

Sasa tutazame kwetu. Pale Dar es Salaam ipo sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927. Inawakumbuka askari na wapagazi Waafrika wa vita ya 1914 hadi 1918. Ni sanamu nzuri, lakini haina majina yao. Wapagazi walikufa kwa maelfu, kwa njaa na maradhi, na wengi wao hawakuandikwa popote. Wazee waliowajua wamekwisha kufa. Majina yamekwenda nao kaburini.

Ya vita ya Kagera yasipotee hivyo. Wengi waliowaaga vijana wale sasa ni wazee. Sisi tumejifunza kusoma na kuandika, kwa hiyo kazi hii tunaiweza. Chukua daftari, keti na wazee, andika:

1. Jina lake kamili, la baba na la mama, na ukoo wake.
2. Mwaka aliozaliwa. Kama haujulikani, andika tukio: mwaka wa njaa, au mwaka wa Uhuru.
3. Kikosi chake na namba yake ya jeshi.
4. Siku aliyoondoka, mahali alipofia na alipozikwa.
5. Aliyekuwa mtu gani: alipenda nini, alicheka vipi, alimwachia nani watoto.
6. Jina la aliyekueleza, na tarehe.

Lisilojulikana usilibuni. Acha nafasi, huenda shangazi au rafiki yake analijua. Barua na picha zake ziwekwe katika kopo la bati lenye mfuniko, mchwa na maji yasizifikie.

Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, mpe mtoto daftari hilo, alisome kwa sauti mbele ya jamaa wote.

Maswali ya kujadili: Katika ukoo wenu, nani hakurudi kutoka vitani? Nani bado anamkumbuka? Mtakwenda lini kumwuliza?