Maana ya Kichanganuzi Mantiki

Chombo cha kupimia sakiti za kidijiti twaweza kukiita kichanganuzi mantiki. Lakini je, huchanganua nini hasa? Kabla daraja la Kigongo–Busisi halijafunguliwa mwaka 2025, watu walivuka Ghuba ya Mwanza kwa kivuko. Tuseme karani aliyekaa Busisi alitazama gati kila saa, akaandika 1 kivuko kikiwapo, na 0 kisipokuwapo. Kikija na kuondoka katikati ya saa, daftari lake halikionyeshi. Chombo chetu nacho hutazama nyaya nyingi kwa pamoja, huandika 1 volteji ipitapo kiwango kilichowekwa, na 0 isipofika. Basi neno mantiki lisitupoteze: hakihukumu hoja, hushuhudia tu, na kikitazama polepole kuliko mwendo wa sakiti, kosa hupita bila kuonekana.