Hazina Tuliyoiona katika Intaneti

Mengi yaletwayo na simu za mkononi ni porojo, nasi hapa Rungwe Mpya, wilaya ya Kasulu, twawakanya watoto wa madrasa wasiyasadiki kabla ya kuyachunguza. Lakini humo mna na mema, na moja limetushangaza.

Chuo cha SOAS, huko London, kimehifadhi maandiko ya kale ya Kiswahili yaliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na mengine yamepigwa picha yakawekwa katika intaneti. Zimo karatasi alizozikusanya mmishionari William Taylor huko Mombasa, pamoja na mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyefariki 1840. Mwalimu Sikujua ndiye aliyemsaidia kuyakusanya.

Tuliwafungulia wanafunzi ukurasa mmoja. Herufi walizitambua mara moja, maneno yakawashinda! Kiarabu hakina "p", wala alama ya "e" wala ya "o". Waandishi wa zamani aghalabu waliandika "p" kwa herufi ya be, na "e" kwa kasra. Basi "pata" na "bata" sura yao ni moja, na "pesa" yaweza kusomwa "bisa". Tena Kimvita cha Muyaka ni kigeni kwetu sisi wa Buha.

Mtoto mmoja akatuuliza kwa nini hatukuwafundisha. Hatukuwa na jawabu, maana herufi hizi twazisomesha kwa ajili ya Msahafu tu.

Sasa kila Jumatano baada ya Alasiri twasoma nao mistari miwili. Ule wa kwanza ulituchukua hata Magharibi.